Kompyuta za Windows na mtandao kisiwani Lamu: jinsi ya kutafuta hitilafu shuleni na nyumbani

Mtandao unapokatika katika maabara ya kompyuta, au kompyuta ya nyumbani inapokataa kuwaka siku ambayo mtoto ana kazi ya kuwasilisha, wengi huanza kwa kubadilisha vitu. Huchomolewa waya huu, huzimwa ruta, hufutwa programu, hubadilishwa nenosiri, na baada ya nusu saa hakuna ajuaye tena hitilafu ya mwanzo ilikuwa wapi. Fundi wa jahazi hatii kalafati ubavu mzima kwa sababu chombo kinaingiza maji. Hutafuta kwanza maji yanapoingilia. Mwongozo huu umeandikwa kwa msingi huo, kwa ajili ya walimu na wazazi wa Lamu ambao hawana fundi wa karibu kila wanapomhitaji, na ambao mara nyingi hulazimika kuvusha kompyuta hadi Mokowe au kuisafirisha hadi Malindi kwa kasoro ambayo ingeondolewa papo hapo.

Kabla ya kugusa chochote, uliza kama tatizo liko katika kompyuta moja au katika zote, lilianza lini, na ni kitu gani kilichobadilika kabla halijaanza. Maneno ya kosa yanayotokea kwenye skrini yapige picha kwa simu, kwa maana hupotea upesi na hakuna anayeyakumbuka sawasawa. Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukijaribu baada ya kila badiliko, na uandike katika daftari ulichofanya. Maabara yenye daftari la namna hii hutengenezeka kwa urahisi hata mwalimu mwingine anapochukua zamu.

Umeme, chumvi na unyevu

Hewa ya baharini hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Vitu hivi viwili vikikutana juu ya shaba iliyomo ndani ya kompyuta, huota kutu ya kijani mahali ambapo umeme unapaswa kupita. Ndiyo sababu kompyuta ya mezani ya Lamu huweza kuwaka feni na taa zake huku skrini ikibaki nyeusi, au ikalia mlio wa mara kadhaa bila kuendelea, ilhali hakuna kifaa chake kilichoharibika. Mara nyingi shida ni mguso hafifu wa vijiti vya kumbukumbu, yaani RAM. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki umalizike. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vipande vya ndani, kisha toa vijiti vya RAM na usugue polepole meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cheupe, au kwa kitambaa safi kilichotiwa alkoholi ya kusafishia vifaa vya umeme. Rudisha kijiti kimoja peke yake, ujaribu, kisha kingine. Usipulize ndani ya kompyuta kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu, nao ndio tunaoukimbia.

Kompyuta isiwekwe chini ya dirisha linalotazama bahari, hasa katika miezi ya kusi ambapo upepo huingia na rasharasha. Kifuniko cha kitambaa cha pamba ni bora kuliko cha nailoni, kwa kuwa nailoni huufungia unyevu ndani, na kisiwekwe mpaka kompyuta iwe imepoa.

Kuhusu umeme, wengi huogopa kukatika kwake, ilhali kurudi kwake ndiko kunakodhuru zaidi, kwa sababu volti huweza kupanda na kushuka kwa ghafla kabla ya kutulia kwenye 240 za kawaida. Umeme ukipotea, zima vifaa vyote kwenye soketi, na baada ya kurudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Shule ambayo haiwezi kununua betri za dharura za UPS kwa kompyuta zote ianze na ile inayohifadhi faili za wote, pamoja na ruta na swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote. Ruta nyingi hutumia volti 12 tu, kwa hiyo betri ndogo huiwezesha kukaa kwa muda mrefu.

Windows ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati, na hapo mtu achague kwanza ukarabati wa uanzishaji (Startup Repair) kabla ya kufikiria kusakinisha upya. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa kinga ya BitLocker, na ukurasa huo huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo, kwa kompyuta ya nyumbani, kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili. Utafuteni na kuuandika leo, kompyuta ikiwa nzima, kwa maana bila huo faili zilizomo hazifunguki hata kwa fundi hodari.

Kompyuta inapokuwa nzito

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukurasa unaofunguka huonyesha ni kitu gani kinachotumia nguvu za kompyuta, na ukibonyeza kichwa cha safu yoyote, programu zinazotumia nyingi zaidi huja juu. Kumbukumbu ikiwa imejaa, na kompyuta ina GB 4 tu, sababu karibu kila mara ni brauza yenye kurasa nyingi zilizofunguliwa. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 muda wote hata usipofanya kazi, nayo ni diski ya kuzunguka ya aina ya zamani, tiba yake ya kweli ni kuibadilisha kwa SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Katika kompyuta kuukuu za shule, hakuna fedha inayozaa matunda ya haraka kuliko ile inayonunua SSD, na ningependa kamati za shule zilifikirie hilo kabla ya kuidhinisha ununuzi wa mashine mpya.

Kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Katika Windows 10 na 11, kompyuta inapozimwa kwa njia ya kawaida huweza kuhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, na hivyo kasoro ya jana huhifadhiwa pamoja nayo. Kuwasha upya, yaani kuchagua Restart, huanzisha mfumo kuanzia mwanzo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba amezima na kuwasha lakini tatizo halikuondoka aambiwe achague Restart, na mara nyingi hapo ndipo mambo hukaa sawa.

Ikiwa Windows yenyewe inaonekana kuharibika, programu zikifunga bila sababu au mipangilio ikikataa kufunguka, nakili kwanza faili muhimu kwenye diski ya nje. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, na ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja ili kidirisha cha amri kifunguke kwa mamlaka ya msimamizi. Andika amri ya kwanza na usubiri imalizike kabla ya ya pili:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Amri ya kwanza huitengeneza akiba ambayo ya pili huitumia kurudishia faili zilizoharibika, ndiyo maana haifai kuzipindua. Ile ya kwanza huweza kupakua faili kutoka kwenye intaneti, kwa hiyo isifanywe kwa kifurushi kinachokaribia kuisha. Ikiwa umeme ulikatika ghafla kompyuta ikifanya kazi, ongeza chkdsk C: /f na ukubali kwa herufi Y, ili diski ikaguliwe itakapowashwa tena.

Kuifuata njia ya mtandao

Hapa ndipo subira inapolipa zaidi. Mtu anaposema kuwa hakuna mtandao, maneno hayo huweza kumaanisha hitilafu katika kompyuta, katika waya au Wi-Fi, katika ruta, katika kampuni inayouza intaneti, au katika tovuti anayoitafuta. Amri tatu au nne zinatosha kujua ni wapi.

Fungua kidirisha cha amri na uandike ipconfig. Mistari itakayotokea ni mingi, lakini ya kuangaliwa ni miwili: anwani ya IPv4, ambayo ni ya kompyuta yenyewe, na Default Gateway, ambayo ni anwani ya ruta. Ikiwa anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuijibu, kisha ikajipa yake yenyewe. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati yake na ruta hayapo, kwa hiyo hakuna haja ya kumpigia simu anayeuza intaneti. Kagua waya, swichi, au nenosiri la Wi-Fi.

Anwani ikiwa ya kawaida, kwa mfano 192.168.1.23, andika ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja ujibiwe, ikifuatwa na anwani ya ruta. Majibu manne yakija, njia ya ndani ni salama. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya huduma ya Google inayojulikana kote. Ikiwa ruta inajibu lakini 8.8.8.8 haijibu, hitilafu huenda iko nje ya nyumba: kifurushi kimeisha, mnara una shida, au waya wa kampuni umekatika. Kwa wenye intaneti ya nyuzi za kioo, taa ya LOS ikiwaka nyekundu kwenye kifaa chao ni ushahidi kwamba mwanga haufiki. Baadhi ya mitandao, hasa ya taasisi, huzuia ping kwa makusudi, kwa hiyo ukimya peke yake usihesabiwe kuwa hukumu mpaka ujaribu pia kufungua tovuti.

Kuna hali ya tatu ambayo huwashangaza watu: 8.8.8.8 inajibu vizuri, WhatsApp ya simu inafanya kazi, lakini hakuna ukurasa unaofunguka kwenye kompyuta. Andika nslookup ikifuatwa na jina la tovuti yoyote. Jibu likikosekana, shida iko katika DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za nambari. Andika ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutwe, na ikiwa haikusaidia, ingia katika mipangilio ya mtandao ya kompyuta uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kuwa anwani ya DNS.

Mtandao ukiwa upo lakini unakwama, fungua vidirisha viwili. Kimoja kiandike ping -t na anwani ya ruta, kingine ping -t 8.8.8.8, uviache vyote viende kwa dakika kadhaa, kisha uvisimamishe kwa Ctrl na C. Muda wa kufika kwenye ruta unapaswa kuwa milisekunde chache. Ikiwa huko nako unapanda hadi mamia, au majibu yanapotea, kasoro ni ya Wi-Fi ya ndani, na kununua kifurushi kikubwa zaidi hakutaiondoa.

Nyumba za mawe na Wi-Fi

Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huweza kufikia unene wa karibu nusu mita. Kuta hizo zinahifadhi ubaridi, lakini mawimbi ya Wi-Fi huyadhoofisha sana. Ruta iliyowekwa ndani ya kidaka kwa sababu panapendeza imezungukwa na mawe pande tatu, na chumba cha pili huenda kisipate chochote.

Nyumba nyingi za namna hii zina kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, na vyumba vyake hufunguka kukielekea. Mawimbi hupita penye uwazi kwa urahisi kuliko kupita ukutani, kwa hiyo weka ruta mahali panapokitazama kiwanda, juu ya usawa wa kichwa, lakini ndani ya paa ili mvua isiifikie. Mara nyingi ghorofa ya kwanza hufaa kuliko chini. Ruta ikiwa na mitandao miwili, wa GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi kuliko wa GHz 5, ingawa wa pili una kasi kubwa ukiwa chumba kimoja nao. Kwa kuwa nyumba zimebanana na ruta za majirani husikika, chagua njia (Channel) ya 1, 6 au 11 katika mipangilio ya GHz 2.4, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Hayo yote yasipotosha, dawa ni waya. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hufika mita 100, na unaweza kupitishwa kandokando ya boriti au ngazi bila kutoboa ukuta wa kale, kisha ukaunganishwa na kituo kingine cha Wi-Fi upande wa pili. Vifaa vya kurudufisha mawimbi bila waya vinauzwa kwa wingi, lakini vikiwekwa nyuma ya ukuta mnene hurudufisha udhaifu ule ule, na katika nyumba za mawe singemshauri mtu aanze navyo.

Maabara ya shule

Maabara ina magonjwa ambayo nyumba haiyajui. La kwanza ni ruta mbili zinazogawa anwani. Mwalimu huleta ruta ya nyumbani kwake kwa nia njema ili apate Wi-Fi, akaichomeka kwenye swichi kupitia tundu la LAN, nayo ikaanza kugawa anwani zake kwa kompyuta zote. Baadhi ya wanafunzi hupata mtandao, wengine hukosa, na hali hubadilika kila asubuhi. Ulinganishe mstari wa Default Gateway katika kompyuta mbili: mmoja ukisema 192.168.1.1 na mwingine 192.168.0.1, ilhali shule ina mtandao mmoja tu, kuna ruta ya ziada iliyochomekwa mahali fulani. Itafute na uizime huduma yake ya DHCP, ambayo ndiyo inayogawa anwani, au uiondoe.

La pili ni mzunguko. Mtu akiona waya unaning'inia akauchomeka, ncha zote mbili zikawa katika swichi moja, swichi ya bei nafuu huurudisha ujumbe ule ule bila kikomo mpaka mtandao wote ukazimia. Taa zote za swichi humetameta kwa pamoja bila kupumzika. Chomoa nusu ya nyaya. Taa zikitulia, mkosaji yuko katika nusu uliyoichomoa, kisha uirudishe kidogo kidogo. Kuanzia hapo kila waya ubandikwe karatasi yenye namba ya kompyuta yake kwenye ncha zote mbili, kazi ambayo wanafunzi wenyewe huifanya kwa furaha.

La tatu ni upungufu wa nafasi. Baadhi ya vifaa vidogo vya intaneti vya laini ya simu hukubali watumiaji 10 tu, na darasa la wanafunzi 40 likijiunga, wa kumi na moja hukataliwa bila maelezo. Hiyo si hitilafu ya kompyuta ya mtoto huyo.

Printa ikikwama na kazi zikarundikana, fungua kidirisha cha amri cha msimamizi, andika net stop spooler, ufute faili zilizomo katika C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha uandike net start spooler. Zaidi ya hapo, kagua waya na karatasi.

Saa, flashi diski na vifurushi

Kompyuta iliyokaa likizo nzima bila umeme huweza kuamka ikidhani ni mwaka uliopita, kwa sababu betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani yake imekwisha. Brauza huthibitisha usalama wa tovuti kwa kulinganisha tarehe, kwa hiyo tarehe ikikosewa, tovuti nyingi salama hukataliwa kwa onyo la kutisha, na mwalimu akadhani ni virusi au intaneti mbaya. Rekebisha tarehe kwa mkono kwanza, uhakikishe ukanda wa saa ni wa Nairobi, ndipo uiruhusu Windows ijilinganishe kupitia intaneti. Ikiwa imepotoka kwa zaidi ya saa 15, Windows huweza kukataa kujirekebisha yenyewe. Kisha nunua betri mpya.

Flashi diski inayozunguka kati ya duka la kuchapisha na shule ndiyo mlango mkubwa wa virusi. Dalili iliyozoeleka ni folda zote kugeuka njia za mkato. Usizibonyeze, kwa kuwa kufanya hivyo ndiko kunakoviamsha virusi. Ikague flashi kwa Windows Security, kisha, ikiwa inajulikana kwa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ili folda za kweli zilizofichwa zionekane tena. Wanafunzi wapewe akaunti za kawaida, zisizo na mamlaka ya msimamizi, na madhara ya virusi kama hivyo yatapungua sana.

Kwa anayetumia kifurushi cha simu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ufungue sehemu ya mtandao, na uitangaze Wi-Fi hiyo kuwa ya kipimo kwa kuwasha Metered connection. Windows itaahirisha upakuaji mkubwa. Lakini usiiache hivyo daima. Tafuta siku yenye intaneti ya kutosha, uiondoe alama hiyo, masasisho yaingie.

Kuhusu masasisho, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ulipangiwa kufika Oktoba 2026. Windows 11 hudai angalau GB 4 za RAM, diski ya GB 64 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, kwa hiyo kompyuta nyingi za shule hazitaipokea. Kompyuta hizo zitaendelea kuwaka na kufundishia uchapaji na hesabu za jedwali, ila alama za wanafunzi, taarifa za karo na akaunti za benki zisiwekwe humo.

Unapolazimika kumpigia simu mtoa huduma

Kabla ya kupiga, andika mambo haya katika karatasi: saa tatizo lilipoanza, kama linatokea kwa kompyuta na simu zote, kama ruta inajibu ping na 8.8.8.8 haijibu, rangi ya taa zilizowaka kwenye kifaa, na kama umejaribu kompyuta moja iliyounganishwa na ruta kwa waya bila Wi-Fi. Jambo hilo la mwisho ndilo watakaloliuliza kwanza, kwa hiyo lifanye kabla. Omba namba ya malalamiko yako na uiandike pembeni mwa maelezo hayo katika daftari, pamoja na tarehe, ili atakayepiga kesho asianze upya.